Kilo Zilizogoma Kushuka

Chumba namba nne,
Nyuma ya ghala la nafaka.

Jumatano, tarehe 9, asubuhi.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako. Kabla sijasema lolote nataka kujua hali zenu. Goti lako linaendeleaje? Wifi yangu presha yake imetulia? Na yule mjukuu mliyesema ameanza kusimama kwa kushika meza, ameshaiachia meza au bado? Nijibu yote, usinifanyie ile tabia yako ya kuandika "tupo salama" halafu mtu anasikia miezi miwili baadaye kwamba ulilazwa.

Sisi huku tunapumua. Mgongo wangu ni ule ule, ukikaa kwenye cherehani kutwa nzima lazima ulalamike. Miwani uliyonitumia imenisaidia sana, sindano naitunga uzi mara moja tu, ingawa wateja wananiambia nimekuwa na macho ya bundi. Binti yangu anaendelea na kazi yake ya dukani na anakusalimu, lakini hajui kama nakuandikia.

Utauona mwandiko huu ukashangaa. Umezoea ule wa binti, mwandiko wa shule. Huu ni wangu wa darasa la nne, kwa hiyo zivumilie herufi zinazopanda mlima. Nimeandika mwenyewe kwa sababu humu kuna jambo ambalo hata yeye halijui. Na simu nimeiogopa. Simu na sikio lako la kushoto havipatani, nami jambo hili siwezi kulirudia mara tatu kwa sauti ya juu, tena huku kwetu ukuta ni mbao.

Ni habari ya mpwa wako, kaka.

Jumamosi hii ana pambano. Ijumaa saa nne wanapimwa uzito, kesho yake wanapigana. Mpinzani wake ni yule wanayemwita Gogo, maana ukimpiga haanguki, anasogea tu. Mpwa wako wao wanamwita Waya. Hilo jina silipendi lakini limeshamganda, hata muuza maziwa sasa ananiita Mama Waya. Mwalimu wake wa ngumi ndiye aliyeamua ashuke uzito. Amesema kwenye kilo sitini na moja, alikozoea, kumejaa watu, zamu yake haitafika mpaka aote mvi. Akishuka mpaka hamsini na saba atakuwa mrefu kuliko wote, mkono wake utafika kabla ya wa mwenzake. Na akimpiga huyo Gogo, anachukuliwa moja kwa moja kwenye kambi kubwa ya mabondia. Hiyo kambi ndiyo ndoto yake tangu ulipomvalisha glovu zako zikamfika kwenye viwiko.

Kilo nne. Watu wanaitamka kama vile mtu anavua koti. Mimi ni fundi cherehani, najua kilo nne ni nini. Ni suruali nane za mwanamume mzima zimekunjwa kwenye mfuko. Hebu niambie, suruali nane utazitoa wapi kwenye mwili wa mtoto ambaye tangu anazaliwa tulikuwa tunauliza mbona mwembamba?

Nimekuambia ukuta ni mbao. Upande wa pili wa banda langu la kushonea kuna kinyozi, na kwa kinyozi ndiko wanakokaa wapenzi wa ngumi wa mtaa mzima. Wengine hawana hata nywele za kunyoa. Wanakuja asubuhi na magazeti yao, na neno linaanza. Tangu tarehe ya pambano itangazwe hakuna habari nyingine isipokuwa mwili wa mwanangu.

Kinyozi mwenyewe yuko upande wa mwalimu. Anasema kushuka ni akili, bondia mrefu kwenye uzito mdogo ni kama mtu anayechuma matunda wenzake wakiwa wanarukaruka. Fundi baiskeli wa pale kona hataki kusikia. Yeye anasema mrefu bila pumzi ni ngazi tu, watu watampanda. Kuna na muuza nyama, huyo anajigamba kwamba hahitaji mizani, akimtazama mtu anajua kilo zake. Mwanangu akipita barabarani anamkagua kuanzia shingoni mpaka mapajani, kisha anatangaza kilo. Siku moja nikamuuliza kama ana mpango wa kumtundika. Wakacheka wote, nami nikacheka, lakini nyama hiyo nimeibeba mimi miezi tisa.

Basi wakaanza kuniingiza na mimi. Walijua bukta za ulingoni namshonea mwenyewe. Ubishi ukiwakolea, kinyozi anagonga ubao kwa kitana, anauliza, "Mama Waya, hebu tuamulie, kiuno leo inchi ngapi?" Nami, kaka, mwanzoni nilijibu. Nilijiona mtu wa maana. Nikasema ishirini na tisa. Wiki iliyofuata ishirini na nane. Wiki hii iliyopita nimempima, futi ikazunguka ikapita mahali nilipozoea, nikadhani nimeikunja vibaya. Nikarudia. Ishirini na sita na nusu. Kinyozi alipogonga ubao nikasema sijampima.

Fundi baiskeli akamwambia kinyozi, "Wewe mpeleke tu hivyo hivyo. Ngumi moja ya tumbo, ataita maji kabla hajamwita mama yake."

Waliangua kicheko. Mimi mguu ulinifia juu ya pedali.

Sasa nakuja penyewe. Nilianza kuandika saa moja na bado nazunguka.

Mwalimu alimpangia chakula. Asubuhi kikombe kimoja cha uji, hauna sukari, hauna maziwa, hauna chochote. Mchana yai la kuchemsha na mboga za majani. Maji ana chupa yake, imechorwa mstari kwa kalamu nyeusi, akifika kwenye mstari basi mpaka kesho. Kazi yangu ilikuwa kupika huo uji. Siku za mwanzo niliupika kama nilivyoambiwa. Halafu nikaanza kumtazama anavyokunywa. Midomo imepasuka. Ulimi mweupe. Akiniita anaita "Mama" halafu anapumzika ndipo aseme shida yake.

Unakumbuka alipokuwa na miezi kumi akaharisha siku tatu, macho yakaingia ndani, mkamwita yule jirani mwenye gari? Kule zahanati muuguzi alinishika mkono akanifundisha. Maji lita moja yaliyochemshwa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko. Akanifanya nirudie mpaka nikakariri. Kaka, shule niliacha darasa la nne, lakini hilo somo moja nililimaliza na sijalisahau hata siku moja. Lilimrudisha mwanangu.

Kwa hiyo nikamtilia. Uji nikaupika kwa maji hayo ya chumvi na sukari. Siku ya tatu nikaongeza na unga wa karanga, nikausaga laini usionekane. Na kikombe nikambadilishia, nikampa kile kikubwa cha bati, nikamwambia cha kwake kimevunjika mkono. Alikunywa akafumba macho, akasema, "Mama, uji wa leo mtamu."

Nikamwambia, "Ni njaa tu mwanangu, njaa inatia utamu."

Hayo ni maneno niliyoyasema kwa mdomo wangu. Nimefanya hivyo wiki mbili.

Na kilo zikagoma. Kila asubuhi anakwenda hapo ghalani kupanda mizani ya magunia, yule mwenye ghala ni mpenzi wa ngumi pia, anamruhusu. Zilishuka mpaka hamsini na tisa, zikasimama hapo kama punda. Anakimbia, hazishuki. Anaruka kamba, hazishuki. Sikuwa najua kwamba chumvi inayakamata maji mwilini yasitoke. Zahanati walinifundisha kuyarudisha maji, hawakunifundisha siku ya kutoyarudisha.

Jumatatu mwalimu akaja naye mpaka kwa kinyozi, watu wamejaa, akasema mbele yao wote kwamba kijana anakula kwa siri. Akamwita mwongo. Akasema tumbo lake limeshinda akili yake. Nilisikia kila neno kupitia ubao. Mwanangu alisema mara moja tu, "Sijala kitu, mwalimu." Kinyozi, ambaye ndiye aliyekuwa akimtetea kuliko wote, akasema polepole kwamba mizani haina shangazi wala mjomba, haimpendelei mtu.

Nilikuwa hatua tano kutoka pale. Nilikuwa nimeshika kola ya shati la mtu. Sikutoka. Niliendelea kuiangalia ile kola mpaka wakatawanyika.

Jana mwanangu akaja na mifuko ya nailoni, ile mirefu ya kufunikia suti, akaniomba nimshonee koti na suruali akimbie nazo atoke jasho. Na chupa yake ya maji sijaiona tangu juzi. Nilipomuuliza akasema ameipumzisha. Nikamshonea, ningefanyaje, lakini nilishona kwa mishono mirefu, mirefu kweli, hewa ipite. Hata hapo sikuwa na ujasiri wa kusema hapana. Nilishona hapana kwa uzi.

Nakuandikia wewe kwa sababu anakusikiliza. Wengine wote tunampigia kelele. Na pia kwa sababu ya kopo.

Unalikumbuka kopo la rangi? Mimi nilikuwa na miaka tisa. Ulikuwa na pambano lako lile kubwa, na siku tatu kabla ulikaa nyuma ya nyumba ukatafuna maganda ya ndimu na kutema mate kwenye kopo, ili upungue. Hukunywa maji. Mimi ndiye uliyenituma nilimwage nyuma ya choo mama asione. Nililimwaga mara nne. Nilijivunia kutumwa. Ulipanda ulingoni ukiwa umekauka, na uliporudi ulikuwa unageuza kichwa kusikia tunachosema, na mpaka leo unageuza. Sijawahi kukuuliza kama ni ngumi au ni kiu. Hakuna aliyeuliza. Lakini mimi nilimwaga lile kopo nikanyamaza, na nilipoiona midomo ya mwanangu nikajiambia safari hii sinyamazi. Kumbe bado nimenyamaza, ila kwa njia nyingine.

Kuna mteja amefika, anataka gauni la harusi la binti yake lipunguzwe. Naiacha hapa, nitaendelea.

Ijumaa, mchana.

Kaka, yametokea. Tulia, mtoto ni mzima, naanza na hilo ili usome bila kukimbilia mwisho.

Jana asubuhi alivaa lile koti la nailoni akakimbia kabla jua halijachomoza vizuri. Uji hakunywa. Alisema hataki tena kitu chochote kutoka jikoni, na niliogopa akisema vile, nikadhani ameshajua, kumbe ni kukata tamaa tu. Nikafunga banda nikamfuata ghalani.

Walikuwepo wote. Mwalimu, kinyozi na kitambaa chake begani, muuza nyama, fundi baiskeli. Walikuja kushuhudia mizani ya mwisho kabla ya ile ya kweli. Mwanangu akavua nguo akabaki na chupi katikati ya magunia. Mbavu nilizihesabu kutoka mlangoni. Akapanda. Mwenye ghala akainama akasoma, hamsini na nane na nusu. Kilo moja na nusu zaidi, na imebaki siku moja.

Mwalimu alivua kofia akaivaa tena. Mwanangu akashuka kwenye mizani, akaweka mguu mmoja chini, wa pili haukufika. Alianguka taratibu, kama jora linavyoteleza kutoka kwenye rafu.

Na unajua walifanya nini? Walianza kubishana. Nakuambia ukweli. Mtoto amelala sakafuni, muuza nyama anasema hiyo ni njaa, kinyozi anasema ni woga wa Gogo, mwalimu anasema huyu amekula kitu kibaya huko anakokula kwa siri. Ni fundi baiskeli peke yake aliyepiga magoti. Alimbana ngozi ya mkono kwa vidole viwili, ngozi ikabaki imesimama, hairudi. Akawaonyesha.

Hapo nikasema, "Ni mimi."

Hawakunisikia. Nikasema tena, "Ni mimi niliyekuwa namtilia. Chumvi, sukari na karanga, kwenye uji, kila siku, wiki mbili. Yeye hajui. Hajala kitu kwa siri, na hajawaongopea hata siku moja."

Basi wakanyamaza wote, wale watu ambao hawajanyamaza tangu tarehe itangazwe. Mwalimu alinitazama sana. Alisema, "Mama, umetumaliza." Hakulisema kwa hasira, ingekuwa afadhali.

Nilikuwa nimekaa chini na kichwa cha mwanangu mapajani. Macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa amesikia.

Tulimpeleka zahanati kwa mkokoteni wa ghala, fundi baiskeli akisukuma, muuza nyama akishika miguu isiburuzike. Wakamtundikia dripu mbili. Daktari ni dada mdogo mdogo, sijui hata kama amefika thelathini, lakini alituweka kwenye benchi, mimi na mwalimu, kama wanafunzi waliochelewa. Alisema figo zilikuwa zimeanza kulalamika. Alisema mwalimu anamkausha, mimi namlowesha, mwenyewe anajikamua, mwili mmoja tunauvuta watu watatu na hakuna aliyemwambia mwenzake anavuta wapi. Nilimuuliza kama chumvi yangu ndiyo iliyomwangusha. Alisema hawezi kuniambia ndiyo na hawezi kuniambia hapana. Kama isingekuwepo huenda angeanguka mapema zaidi, kwa sababu ya kukauka. Na kama isingekuwepo huenda asingejikamua kiasi kile. Nenda nalo hilo, mama, akasema. Nimeenda nalo.

Pambano lake limefutwa. Mwalimu amewapelekea waandaaji taarifa asubuhi hii. Nafasi ya mwanangu amepewa kijana mwingine wa kutoka sijui wapi.

Amerudi nyumbani jana jioni. Leo asubuhi nilimpelekea maji kitandani, akayapokea, akanywa, akanirudishia bilauri. Kisha akauliza, "Kila siku, mama?"

Nikasema, "Kila siku."

"Hata ile siku niliyosema mtamu?"

"Hata siku ile."

Akageukia ukutani. Dada yake yuko mlangoni anatusikiliza, naye sasa amejua, ananitazama kama fundi aliyekuta shati la mteja limekatwa vibaya na mwenyewe yuko nje anasubiri.

Sina nguvu ya kuendelea leo. Naweka kalamu chini.

Jumapili, asubuhi.

Jana ilikuwa siku ya pambano. Kwa kinyozi kulifungwa mapema wote waende. Kinyozi hanisalimii, anaufungua mlango wake na kuangalia barabarani. Nasikia upande mmoja unasema nimemuua bondia, upande mwingine unasema nimemwokoa, na wa katikati wanasema wanawake wasiingizwe kwenye mambo ya uzito. Yaani ubishi umehama, zamani walikuwa wanaupima mwili wake, sasa wananipima mimi. Muuza nyama yeye alipita akaacha kipande cha maini, akasema cha kuongeza damu, akaondoka haraka kama mwizi.

Fundi baiskeli alikuja jana mchana kumwona. Walikaa kwenye ngazi. Nilisikia mwanangu anasema akipona atashuka tena hamsini na saba, safari hii atajipikia. Fundi akamwambia apigane kwenye mwili aliopewa, asubiri miezi mitatu, kuna watu wa sitini na moja wanaoweza kupigika. Mwanangu akasema hao hawampeleki kambini. Basi, kaka, unaona. Kuanguka kote kule hakukumtoa kwenye ile hamsini na saba. Kumemtoa kwangu tu.

Jioni ilipofika na watu wakawa wanapita kwenda ukumbini wakiimba, alikaa dirishani na bukta yake mpya mapajani. Ile niliyomshonea, ya bluu na mstari mweupe. Alikuwa anaigeuza ndani nje, anaangalia mshono. Alikuta nimeiachia ukingo mpana, inchi mbili kila upande, nguo ya ulingoni haishonwi hivyo. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ili mwili ukirudi niweze kuipanua. Aliikunja vizuri. Hakuitupa.

Leo asubuhi nikiwa jikoni nasikia kigoda kinaburuzwa. Akakiweka mlangoni, akakaa, akaegemeza kichwa kwenye fremu. Bado ana rangi ya majivu. Akasema, "Pika nikikuona."

Nikapika akinitazama. Nikapima maji, akauliza ni kiasi gani, nikamwambia. Nikatia unga, akauliza, nikamwambia. Karanga nikamwonyesha kwenye kiganja, akainusa, akaitikia kwa kichwa. Sukari nikahesabu kwa sauti mpaka sita. Sijawahi kupika nikiwa naogopa hivyo, hata siku ya kwanza kwa mama mkwe. Nilipofika kwenye chumvi nikaifunika nikairudisha kwenye rafu.

"Hiyo mbona umeirudisha?" akauliza.

Nikasema leo tuiache.

Uji ukaanza kutokota. Halafu akasema, "Nionyeshe ulivyokuwa unapima."

Nikachukua kijiko cha chai, nikachota, nikasawazisha kwa kidole mpaka nusu, nikamsogezea aone. Punje chache zikamwagika.

Akasema, "Tia."

Nikatia. Amekunywa kikombe kizima, hajasema mtamu wala si mtamu. Kikombe amekiosha mwenyewe. Sijui kama amenisamehe, na sitamuuliza, nitasubiri aseme akitaka.

Sasa ombi langu, na ndilo lililonifanya nimalize kalamu nzima. Mwandikie, kaka. Usimwandikie kunitetea mimi, hilo sitaki. Wala usimwambie aache ngumi, hatakusikia. Mwandikie habari ya kopo la rangi. Mwambie ulikuwa na kilo ngapi na ulikuwa unataka ngapi. Mwambie raundi uliyoacha kusikia kengele, kama unaikumbuka, na ulikuwa na kiu kiasi gani. Sisi wengine hapa tunabishana kwa macho tu, wewe ndiye uliyekuwa ndani ya huo mwili. Na mimi pia unijibu nilichoogopa kukuuliza miaka yote hii. Kama jibu ni kwamba lile kopo lilichangia, liandike. Mimi ndiye niliyelimwaga, nina haki ya kujua.

Barua naipeleka kwa dereva wa lori la ghala, anaondoka saa sita na kwenu atafika keshokutwa. Jibu lako mpe huyo huyo, anarudi Ijumaa. Nimemwambia asiondoke kwako mikono mitupu hata ikibidi anywe chai vikombe vitatu.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie kitambaa cha gauni lake nakitafuta bado. Wasalimie wanao wote, yule mkubwa na mkewe, na dada zake wawili, waambie shangazi yao anawawaza. Mjukuu mbusu kwenye miguu yote miwili ili atembee haraka. Binti yangu anawasalimu, ameshaniona naandika. Mpwa wako hajatuma salamu, lakini nilipomwambia barua ni ya mjomba, aliuliza kama sikio lako limepata nafuu.

Mungu awalinde huko mliko, awape pumzi ndefu, maji ya kutosha na usingizi. Atusaidie na sisi tupendane bila kufichana.

Mimi mdogo wako ninayekupenda bila kipimo,

Mama yake mpwa wako.

Nimesahau kukuambia. Gogo alishinda pambano katika raundi ya pili. Walipokuja kumwambia mwanangu, aliuliza jambo moja tu, huyo aliyepigwa badala yake alikuwa na kilo ngapi asubuhi ya kupimwa, na ngapi wiki moja kabla. Hakuna aliyejua. Na hao ndio watu wanaojua kilo za kila mtu.